Mafundo

Kabla ya reli, mzigo ulikuwa na shingo chini yake.
Luhende wa Uyui, babu wa babu yangu,
alibeba frasila mbili za pembe mpaka pwani
na siku akazihesabu kwa kamba:
alfajiri, fundo; alfajiri, fundo.
Aliporudi, tajiri aliyasoma mafundo kwa vidole,
akamlipa merikani, doti baada ya doti.
Benki yetu ilikuwa hiyo. Kamba, na neno.

Likaja gari la moshi.
Halikudai posho, ila kuni na maji.
Luhende akasimama stesheni Tabora
na mabega yake mawili, mazima,
yasiyo na mnunuzi.

Ila reli ni ndefu kuliko mfuko wa mtu.
Hata yule mwenye nyumba ya milango saba
hakuweza kununua chuma cha kutoka bahari mpaka ziwa.
Ndipo akazaliwa Kampuni.
Bibi Kalunde akauliza, "Mtoto wa nani huyo?
Mbona anadai kila mlango na msibani haji?"
Wakamwambia: ni watu wengi, hawajuani,
kila mmoja ana karatasi yake;
wakifa, Kampuni hafi.
"Basi ni mzimu," akasema, akipepeta mtama.
"Ila wetu hula unga. Huyo anakula riba."

Vita vikaja, pesa za pwani zikakatikia njiani.
Mle mle karakanani, mlimotengenezwa mabehewa,
wakayeyusha maganda ya mizinga
wakapiga sarafu.
Mimi husema ndoa ilifungwa siku ile,
njia na pesa, moshi mmoja, bila shahidi.

Leo nimeketi dirisha namba tatu.
Mrina asali wa Sikonge, Mzee Mihayo,
anaomba mkopo wa mizinga (ya nyuki, anacheka,
si ile ya Mjerumani).
"Dhamana?" namuuliza, kama fomu inavyoniamuru.
Anachomoa kamba mfukoni, anaiweka chini ya kioo.
Kila fundo, mzinga mmoja juu ya mninga.

Kompyuta haina pa kuandika fundo.
Nje, treni ya Kigoma inapiga honi,
imechelewa saa sita, na hakuna anayeshangaa.
Meneja ananitazama.
Nimefika fundo la kumi na nne, kwa vidole.
Foleni inaguna.