Neno Moja Juu ya Kisanduku

Nimeruhusiwa neno moja.
Barua imetoka mbali, chini haina jina la mtu,
yasema juu ya kisanduku niandike "Matangazo",
au nikipenda "Wadhamini",
basi. Nisitie chumvi.
Nisiseme "Tunavyovipenda". Nisiseme "Bora wiki hii".
Nisichore mshale, nisiweke picha ya kidole,
nisimwambie mgeni, "Bonyeza, ndugu, utusaidie."

Nilicheka siku hiyo, peke yangu, Guraya,
ghorofa ya pili, umeme umekatika:
hawa ndio wa kunifundisha kuandika?
Mimi, ambaye watu elfu tatu kila asubuhi
hufungua tovuti yangu kabla hawajanawa uso,
kwa sababu hawajui kama watanawa.

Kazi yangu ni mgao wa maji.
Bondeni, Jumanne, usiku wa manane hadi alfajiri.
Makadara, Alhamisi, bomba kubwa likisalimika.
Tudor, presha ndogo.
Majengo: bado hatujaambiwa.
Hunipa Msellem wa ofisi ya maji,
naye humpigia mfungua koki.
Silipwi na mtu. Hunilipa visanduku vya pembeni:
matangi, mikopo ya simu, dawa ya kupunguza tumbo,
shilingi mbili mtu akibonyeza, pengine moja na nusu,
na mwisho wa mwezi hazitoshi hata bando.

Ndipo nilipoandika, kwa herufi nyekundu,
"WANAOAMINIWA NA MGAO".
Na mshale nikauweka.
Wallahi ulipendeza mshale ule,
niliupinda kidogo kama ncha ya jambia.
Watu wakabonyeza. Mwezi ule nililipa kodi,
nikamnunulia mama leso, doti mbili.

Mwezi uliofuata Bi Nyevu wa chini
alinigongea mlango.
Hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu.
Alinionyesha simu ya mjukuu wake, kioo kimepasuka:
tangi la lita elfu moja, jeusi, nusu ya bei,
amana elfu sita, gari litaleta Jumamosi.
Jumamosi ilikuja. Gari, la.
Nambari ile ukiipiga yaimba tu.

"Nlidhani ni weye," akanambia.
"Nliona jina lako hapo juu. Nkasema,
mwana wa Saumu hawezi kunipa tangi la uongo."

Nikasema, "Bi Nyevu, lile ni tangazo tu."

Akanitazama.
"Sasa mbona hukuandika?"

Usiku ule, barua ilikuwa imeshafika
na visanduku vimeshafungwa, nilikaa nikatunga:

   Ukuta nimekodisha, ulimi sijauuza,
   Mabango wakiuvisha, bidhaa zao kukuza,
   Wajibu kutenganisha, mwenye mato kumjuza,
   Nisije nikampisha, njia ya kumpoteza.

Nikausoma. Mizani imetimia, vina vimekaa.
Nikaufuta.
Mistari minne kuyazunguka
yale ambayo barua isiyo na jina
ilikwisha kuyasema kwa neno moja.

Sasa pameandikwa hivyo. Matangazo.
Herufi ndogo, za kijivu, hazina mkia.
Wanaobonyeza wamepungua nusu na zaidi,
na mwenye nyumba ameanza kunisalimia kwa jina kamili.
Elfu sita sijamaliza kuirudisha.
Bi Nyevu hajaniuliza.
Maji yakija, hushuka saa tisa usiku,
nikajaza mitungi yake kwanza, kisha yangu,
nasi hatuzungumzi, twasikiliza tu mtungi ukijaa,
ile sauti yake inavyopanda.

Juzi alinipigia.
"Hii habari ya Guraya, kwamba maji ni kesho,
ni weye, au ni tangazo?"

"Ni mimi, Bi Nyevu."

Akanyamaza. Kisha nikasikia kwenye simu
koki ikifunguliwa, kavu,
ikakohoa mara mbili,
ikafungwa.