Saa ya Kifuani

Kayenze, darasa la nne, kipindi cha hesabu.
Kashinje aligawa pera kwa meno, nusu yake, nusu yangu,
kisha nusu yake ikaanguka, naye akaifuata.

Mwalimu akapaza sauti: Tokeni! Msiguse povu!
Nikatoka wa kwanza. Nilikuwa na mbio.
Nusu yangu nikaitupa kwenye mawe ya ziwani,
mkono nikausugua kwa mchanga mpaka ukachubuka.
Jumatatu dawati letu lilikuwa nje, limemwagiwa majivu.
Kashinje hakurudi. Hakuna aliyeuliza.
Mimi nami sikuuliza.

*

Nikavaa gauni jeupe. Nikapima presha,
nikafunga vidonda vya walioungua:
mama aliyeangukia sufuria la uji,
kijana aliyeangukia karabai,
na kwenye faili mstari mmoja tu: ajali ya moto.
Kilichowaangusha hakikuandikwa.

Nilipojaza fomu ya kusoma zaidi
Sista Mkuu alishusha miwani.
"Kifafa? Wenzako wanaomba usingizi, wanaomba macho.
Huko utapata nini, binti Malugu?"
Habari ya pera sikumwambia.
Nikasema, "Wanaungua, Sista."

Nikajifunza kwamba kichwa kina umeme wake,
na umeme huzidi na kukatika
kama kule Mabatini mvua ikinyesha.
Nikajifunza kubandika nyaya kwenye kichwa cha mtoto
aliyesukwa jana tu, na kumwomba radhi msusi wake.
Nikajifunza kuuliza: kabla hujaanguka, inakuja nini?
Mmoja akasema, harufu ya dagaa walioanyeshewa.
Msichana wa Igombe akasema, jina langu,
linaitwa na mtu anayenipenda.
Nikaandika yote mawili.

Bibi Nyamizi hajui kusoma. Aliniletea uzi wa nyavu
wenye mafundo, kila fundo anguko moja la mjukuu,
makubwa ya usiku, madogo ya mchana.
Tulipoanza vidonge uzi ukanyooka,
shubiri kwa shubiri,
hadi mwezi wa tano, dawa ilipoisha stoo,
mafundo yakarudi yamebanana.
Daktari bingwa aliusoma uzi ule kimya, kama barua.

*

Jana, kwenye kivuko cha Kamanga,
muuza karanga, miaka kumi na minne hivi,
akasimama, akatazama kitu kisichokuwapo,
akaenda chini na ndoo yake.

Watu wakafanya duara. Nalijua duara lile.
Mmoja akaja na kijiko, mwingine kavua kiatu amnusishe.
Nikapiga magoti. Khanga yangu chini ya kichwa,
mwili ubavuni, taratibu, kifungo cha shingoni nikakilegeza.
"Kijiko rudisha kwenye chai yako, baba.
Na wewe, vaa kiatu."
Nikaangalia saa niliyoibana kifuani,
nikahesabu kwa sauti, wasikie
kwamba jambo hili lina mwisho.
Dakika mbili na nukta kumi.
Kisha pumzi, nzito, ya mtu aliyeopolewa majini.

Swali lake la kwanza: "Karanga zangu?"
Nusu zilikuwa zimetapakaa, nusu zimo kwenye vikaratasi.
Mama mmoja, aliyekwisha kununua,
aliusogeza mkono nje ya chuma cha ubavuni
akauachia ufunguke.
Zikadondoka ziwani bila sauti.
Alipogeuka akaniona. Sikuwa na la kumwambia.

Nikatoa mia mbili.
Nikafungua kikaratasi palepale,
nikala moja moja, pamoja na chumvi ya mwisho,
watu wakitazama.

"Unaitwa nani?"
"Shilinde."
"Alhamisi, Shilinde. Chumba namba saba.
Njoo na mama.
Na karanga."