Kutoka Kinyumenyume

Nauza mishumaa mlangoni mwa kanisa la mawe,
upande wa kaskazini, ambako jua halifiki
tangu Novemba mpaka Pasaka.
Myembamba, ya manjano, mmoja dramu mia.
Watu huichomeka mchangani, wakaondoka,
nami hubaki na moshi wao.

Jumanne ile theluji ilizuia basi la mahujaji.
Alikuja mtu mmoja tu, mgeni kutoka Yerevani,
akatumbukiza noti ya elfu ishirini kisandukuni,
mshumaa hakuchukua.
Hakuna aliyemwona ila mimi
na watakatifu wa ukutani, waliokwisha kufutika macho.

Sikusikia ngurumo. Sikuona pembe wala mkia.
Nilisikia sauti yangu mwenyewe,
ile ninayobishania bei ya viazi:
"Satenik, viatu vya mjukuu wako vimetoboka.
Mungu hana miguu. Narek anayo."

Tazameni ustadi!
Hakusema iba. Alisema penda.
Alifungua kabati langu, akatoa neno zuri kuliko yote,
akalivaa, likamkaa.
Hata aya aliijua, ile ya mwenye kanzu mbili,
na aliisoma vizuri kuliko Ter Ghevond,
padri wetu asiye na meno ya mbele.

Ufunguo ninao mimi. Nikafungua.
Noti ilikuwa bado na baridi ya nje.
Niliishika muda wa Baba Yetu moja,
ila Baba Yetu yenyewe sikuisali.

"Sasa," alisema, "padri hajarudi na kuni.
Sasa, kabla hujaanza kufikirifikiri."

Sasa.

Mimi nimelea watoto wanne, mmoja nimemzika.
Kwa swali moja tu nimemngoja Mungu miaka kumi na tisa,
na sijawahi kumwona akikimbia.
Basi huyu mwenye haraka ni nani?
Nikamtambua, kama unavyomtambua mchuuzi
asiyetaka ufungue gunia kabla hujalipa.

Nikairudisha. Mkono ulitetemeka,
si kwa utakatifu, kwa hasira:
viatu vilikuwa bado vimetoboka.

Mngedhani aliondoka.
Alisogea, akaketi karibu zaidi,
sauti ikawa laini kama manyoya ya kifaranga:
"Umeshinda, mama. Wangapi wangeweza?
Mwambie padri. Kwa unyenyekevu, lakini mwambie."
Nami, mjinga, nikaanza kupanga maneno,
nikachagua na mahali pa kuinamisha macho.
Nilikuwa nimefika sentensi ya tatu
niliposikia tena zile nyayo zake, mbiombio.

Nilicheka. Peke yangu, mwanamke wa miaka sabini na moja,
kicheko kikagonga kuba, kikanirudia.

Ter Ghevond aliingia, kuni kifuani, theluji ndevuni.
Nikamwambia jambo ambalo msimu mzima
nilikuwa nimelimeza kama mfupa:
"Baba, Narek hana viatu. Naomba msaada."
Hayo tu.
Kuomba kuliniuma kuliko kuirudisha ile noti,
na ndipo nilipojua mlango alioingilia yule:
si umaskini wangu,
ni kule kujifanya sina umaskini.

Padri alitazama miguu yake mwenyewe, kisha yangu.
Alisema ataona. Hakuahidi.

Jioni nikazima vipande vilivyobaki,
nikaanza kutoka kama tutokavyo sisi hapa:
kinyumenyume, uso kwa madhabahu,
mkono ukipapasa fremu ya mlango.
Nyuma yangu lilikuwepo giza, lilikuwepo barafu,
na bila shaka yeye pia, anayenijua jina,
akiwa tayari na neno la kesho.

Sikugeuka kumtazama.
Kisigino kilitafuta kizingiti,
kikakipata.