Kipande cha Ndala

Friji langu nililinunua Ilala, limeshatumika,
lina kibandiko cha lugha ambayo Tandika nzima
hakuna wa kuisoma.
Muuzaji aliapa: "Hili halina neno, mama."
Kweli, halikuwa na neno.
Lilikuwa na hotuba.

Saa nne usiku, taa zikizimwa, linaanza
kwa kukohoa kidogo, kama mtu anayetaka kuazima hela,
kisha nguru-nguru-nguru,
bilauri zinagongana kabatini zenyewe kwa zenyewe,
na likizimika hujitikisa lote
kama mbuzi aliyenyeshewa.
Nikisema sasa nalala
linakumbuka jambo jingine.

Vyumba sita, korido moja, luku moja.
Bi Mwanaidi wa chumba cha pili akageuza salamu:
"Umeamkaje wewe na mgonjwa wako?"
Chitemo mlinzi, anayelala mchana,
akasema ni heri alale kazini, na huko nako analala.
Uniti zikiisha kabla ya tarehe ishirini
macho yote huja mlangoni kwangu
bila kubisha hodi.

Nilizime? Barafu za ukwaju ndiyo ada ya Sikudhani.
Nikalisogeza mbali na ukuta.
Likanguruma mbali na ukuta.
Nikalitandikia kanga iliyochakaa,
ile ya UKIMYA NAO NI JIBU.
Halikujua kusoma.

Fundi Kalokola alikuja na bisibisi moja tu.
Ncha akaiweka kwenye kompresa, mpini sikioni,
akafumba macho kama daktari aliyebakiwa na mgonjwa wa mwisho.
"Moyo mzima," akasema. "Miguu ndiyo imekufa mipira.
Chuma kimekaa juu ya chuma."
Akachungulia nje, akaokota ndala yangu ya kushoto.
"Hii unaitumia?"
Sijajibu, ameshakata.
Vipande vinne, kila mguu na chake,
na kibomba kilichokuwa kikigusa bati akakirudisha kwa vidole
taratibu, kama anayemweka mtoto kola sawa.
Elfu kumi. Na ndala moja.

Usiku ule korido ikanyamaza,
ndipo tukasikia.

Nilimsikia Bi Mwanaidi akihesabu hela za kikoba,
akifika mwisho, akinyamaza,
akianza upya, na mwisho ukabaki palepale.
Nilisikia kitanda cha chumba cha tano.
Nilimsikia yule kijana Hokororo, mtanashati wetu,
akimwambia mama yake Masasi kwa simu
kazi ni nzuri, bosi ananipenda,
na gereji imefungwa tangu mfungo.
Akishakata simu, alivuta kamasi muda mrefu.

Wao walisikia nini kwangu, sijui.
Niliyameza mate kwa hadhari.

Asubuhi kila mtu alipiga mswaki akiangalia ukuta.
Siku ya pili hivyo hivyo.
Siku ya tatu Bi Mwanaidi akaingia, akafunga mlango nyuma yake,
kitu ambacho katu hajawahi kukifanya.
Alitazama friji. Akalishika mkono, yaani kitasa,
kama mtu anayetoa pole.
"Shoga," akasema, "hili dude lilikuwa linatusitiri."

Mimi sikumjibu. Nilimpa barafu mbili, hakulipa, sikumdai.

Usiku nikapiga magoti nyuma ya friji,
tochi ya simu mdomoni, vumbi puani.
Sikuvitoa vyote. Nami nina kichwa, nataka kulala.
Nilitoa kimoja, cha nyuma kushoto,
mpira wa bluu wenye alama ya kisigino changu.

Likakohoa.
Bilauri moja ikaiuliza nyingine kitu.
Chumba cha nne nikasikia, "Haloo, mama?"
halafu, alhamdulillahi,
sikusikia tena.