Shavu la Kushoto

Meno mawili waling'oa bure, kule Kadutu.
La tatu nililizuia kwa ulimi:
hili halina kosa, jamani.

Upepo wa ziwa ukipanda Nguba alfajiri
uso wangu ni waya wa umeme uliochubuka.
Sinawi. Sitafuni. Jina langu nalisema nusu:
Nsimi—

Daktari Cirhuza alichora nyuma ya karatasi ya dawa:
mshipa wa damu umeulalia mshipa wa fahamu,
unaudundia usiku kucha kama mpangaji wa juu.

Vidonge: maumivu yanasinzia, nami nasinzia,
nashona mkono wa shati shingoni.
Sindano ya kuunguza: shavu life ganzi, labda daima.
Au Kigali, wafungue mfupa nyuma ya sikio,
wachomeke kisponji kati ya wagomvi wawili.
Bei yake cherehani, na nusu ya kiwanja.

Nikahesabu. Nikahesabu tena.

Jioni mjukuu wangu Ntakwinja akaja mbio toka shule,
akasimama ghafla, akakumbuka,
akazunguka kunibusu upande wa kulia.

Ganzi hapana, daktari.
Kwa sasa niongezee nusu kidonge.
Cherehani nimeitia mafuta;
mnunuzi anakuja Jumanne.