Yubolti Nne, na Moja ya Nyongeza

Dukani, Barabara ya Mawenzi, kulabu za pikapu
zimelala kwenye boksi la plastiki inayong'aa,
nne, na skrubu zake, na maandishi ya Kijapani.
Muuzaji alitaja bei huku akitazama viatu vyangu.
Nikamwambia, nitarudi.
Sote wawili tulijua maana ya "nitarudi".

Ilikuwa wiki ya pili tangu tangi la Mama Ndeshi
linikimbie kwenye tuta la Kiboriloni,
likabiringika tupu, likilia kama ngoma,
watoto wakalifukuza kwa furaha iliyoniuma.
Nilikuwa nimelifunga kwa mipira ya tyubu,
na mpira ni rafiki wa maneno:
hukushika vizuri hadi siku ya shida,
ndipo anapoanza kurefuka.

Basi nikashuka Pasua kwa Elinisafi,
fundi mwenye drili moja na ushauri mwingi.
Uani kwake kulikuwa na Fuso iliyokufa,
imekaa juu ya mawe kama kuku anayeatamia.
Akaingia chini yake, miguu ikabaki nje,
akatoka na yubolti za springi, nyeusi kwa grisi na kutu.
"Hizi zimeshikilia mizigo ya watu miaka ishirini,
na kwa kuwa ziko chini, nani aliziangalia?
Tuzipindue. Leo zishike kwa juu.
Ziko tano. Lipa nne."

Zililala kwenye dizeli usiku kucha.
Asubuhi nikazisugua kwa msasa
hadi kidole gumba kikapoteza alama zake.
Zilikuwa pana mno; akazipasha moto,
akazibana kwenye jiliwa zikakubali,
akazikata miguu kwa msumeno
akibakiza uzi wa kutosha washa na nati mbili.
"Nati moja husahau," alisema. "Ya pili huikumbusha."

Ubishi ulikuja kwenye matundu.
Yeye alitaka futi moja kamili kutoka kila pembe,
tepu mkononi, chaki mdomoni, jicho moja kalifumba.
Mimi nikamwonyesha ukingo wa bodi,
pale rangi ya bluu ilipokwanguka hadi kwenye bati:
mikwaruzo minne, isiyolingana,
miwili karibu na kabini, mmoja katikati kushoto,
mwingine nyuma kabisa, umezama
kama ufizi ulioachwa na jino.

Hapo ndipo kaka yangu Ndelilio alipofungia ndizi
alfajiri za miaka kumi na moja, kwa kamba ya katani,
goti kwenye tairi, akivuta, akilaani kwa Kichaga,
kwa fundo ambalo hakuwahi kunifundisha.

Sikuyasema hayo yote.
Nilisema tu, "Toboa hapa."
Elinisafi akaitazama chaki yake, akautazama mkwaruzo,
akaifuta chaki kwa mkono wa shati.

Drili ikapiga kelele. Chembe za bati
zikanidondokea za moto kwenye ndala.
Kwa ndani akaweka kipande cha chuma kila tundu,
maana bati peke yake, alisema,
huchanika kama kanga ya kufungia mtoto.

Jumamosi nikapandisha kabati la bibi harusi Uru,
milango mitatu, kioo katikati, kimeelekea nyuma.
Aikande, mama wa binti, alikaa pembeni yangu
akisali kwa sauti,
akiikatisha sala kwenye kila tuta ili ageuke.
Kamba ilikaza. Haikuteleza, haikulia.
Kabla ya daraja nikasimama, nikashuka kukagua:
kioo kilikuwa kimebeba migomba, mbuzi wawili,
kipande cha anga,
na kijana wa bodaboda aliyesimama nyuma yetu
anajitengeneza kola.

Ile ya tano ipo kwenye droo ya dashibodi,
inagongagonga kila nikikata kona.
Abiria huniuliza kwa nini siifungi mahali.
Nawajibu,
mkwaruzo wake bado haujatokea.