Kalenda ya Beppe

Ilining'inia chooni, si sebuleni,
kwenye msumari mmoja, usawa wa macho ya aliyeketi:
kalenda isiyo na mwaka wala Jumatatu,
tarehe tupu, na majina yetu kwa wino wa buluu.
"Humu kila mtu hupita," alisema, "na hana haraka.
Asije mtu akaniambia hakuona."

Beppe: ndivyo Wafrisia wamwitavyo bibi,
na sisi wajukuu kumi na mmoja wa Lethbridge
hatukujua ana jina jingine
mpaka tulipolisoma mgongoni mwa saa yake ya uuguzi,
ile aliyoibana kifuani kichwa chini miguu juu:
Froukje Wiersma, Leeuwarden, 1949.

Aliteremka Halifax na sanduku, mume,
na kikatio cha jibini kilichoviringishwa ndani ya soksi.
Karani akasoma 3-9, akaandika Machi tisa.
Yeye ni wa tatu Septemba.
Hakubisha. Kiingereza chake kilikuwa maneno arobaini
na hayo aliyaweka akiba.
"Serikali imeniongezea miezi sita," alitutania, "bila malipo."

Sjoerd akaingia mashamba ya viazisukari.
Yeye akapeleka cheti hospitalini.
Wakakigeuza, wakakitazama nyuma kama noti ya bandia,
wakampa ndoo na tambara.
Miaka miwili alideki wodi ambayo angeweza kuiongoza.

Hilo hakulisimulia yeye. Nilisimuliwa mazishini
na mwanamke wa koti la kijani lililokosa kifungo:
usiku wa theluji, daktari kakwama njiani,
mama kalazwa koridoni, mtoto anatanguliza miguu,
na mdeki sakafu kaegemeza ufagio ukutani,
kanawa mpaka viwikoni,
katamka neno lake la arobaini na moja: Sukuma.
"Mtoto yule ni mimi," alisema. "Sikumwuliza cheti."

Msidhani alikuwa mpole.
Supu ya shangazi Hinke aliiita maji ya kuoshea soksi,
mbele ya wakwe.
Jibini aliikata nyembamba, ungesoma gazeti upande wa pili.
Lakini usiku alipitisha mkono chini ya mito yetu,
mto kwa mto, akaacha biskuti.
Makombo? Yatafagiwa.

Mara moja tu, akipiga pasi, bila kuinua macho,
aliniambia kwa nini.
Majira ya baridi ya mwisho wa vita
walimpokea mtoto wa mjini, Loes, miguu kama njiti.
Loes alificha mkate chini ya mto mpaka ukaota ukungu.
Froukje, miaka kumi na sita, akauona,
akaenda kusema.
Akageuza kola ya shati, akaipiga pasi upya.

Mwishoni Kiingereza kilimtoka kwanza,
kama mgeni mwenye adabu.
Kikafuata Kiholanzi.
Kikabaki Kifrisia, na sisi nje ya mlango
na neno letu moja la kubishia hodi.
Beppe, tukasema.
Akageuza kichwa.

Kalenda walitaka kuitupa. Nikaibeba.
Nikalitafuta jina lake Septemba, nikalitafuta Machi.
Halipo. Tupo wote, na wakwe, na jirani mwenye mbwa,
na waliokufa, kila mmoja na kimsalaba kidogo,
maana hata wao mwaka huwazungukia.
Januari kumi na sita: Loes. Bila msalaba.
Sijui kama alijua, au alikataa kujua.

Basi nimemwandika mimi, kwa penseli, mara mbili,
yake na ya karani.
Leo ni tisa Machi.
Nimetoa kikatio, nimekata jibini.
Imetoka nene. Angenisema.